Mustang GT au Subaru WRX STI: ulinganisho kwa anayetafuta gari la kasi lililotumika nchini Marekani

Mtu aliye Marekani, mwenye fedha za kununua gari moja la kasi lililotumika, la kumpeleka kazini siku za juma na kumfurahisha Jumamosi, huanza na orodha ndefu ambayo mara nyingi huishia kwenye aina mbili. Ya kwanza ni gari la misuli la Kimarekani, lenye injini kubwa ya silinda nane, boneti ndefu, milango miwili, na nguvu inayopelekwa kwenye magurudumu ya nyuma. Ya pili ni gari la kasi lililoagizwa kutoka nje, kwa kawaida Japani, lenye injini ndogo iliyofungwa turbo, yaani pampu inayoishindilia injini hewa zaidi, na umbo ambalo jirani asiyejua magari angelidhania kuwa saluni ya kawaida iliyobandikwa bawa nyuma. Ili ulinganisho huu usielee hewani, nimechukua gari moja kila upande: Ford Mustang GT na Subaru WRX STI, zote za matoleo ya 2015 hadi 2017. Zilipokuwa mpya, Mustang GT ilianzia takriban dola 33,000 na STI takriban dola 35,000, kwa hiyo tangu mwanzo zililenga mifuko inayokaribiana. Zote mbili nimekaa nazo, STI kwa majira manne ya baridi jimboni Minnesota na Mustang tangu hapo, hivyo ninapozungumzia kiti au klachi sizungumzii jambo la kusimuliwa.

Niseme mapema nilikoegemea. Kwa anayenunua gari lililotumika bila kujua limepitia mikononi mwa nani, naona Mustang GT ni salama zaidi kwa mfuko, ilhali STI ni bora zaidi kwa barabara mbaya na hali ya hewa mbaya. Kauli hiyo haitoshi kumwamulia kila mtu, kwa kuwa baridi ya Minnesota haiko Texas, na mahitaji ya kijana anayeishi peke yake si ya mzazi mwenye viti viwili vya watoto.

Wengi wetu tuliokulia Afrika Mashariki tunaingia katika uamuzi huu tukiwa tumekwisha kupendelea upande. Nairobi, kijana huusikia mngurumo wa Subaru kabla ya kuiona, na Dar es Salaam neno V8, yaani injini ya silinda nane, halina uhusiano na gari la misuli hata kidogo, kwani humaanisha Land Cruiser ya kigogo. Mashindano nayo yametuvuta huko huko. Katika Safari Rally ya Pasaka ya mwaka 1964, wiki chache kabla ya Mustang ya kwanza kuzinduliwa New York tarehe 17 Aprili, Ford ilileta kikosi cha Mercury Comet zenye injini za V8, na mbili tu ndizo zilizofika mwisho; mshindi alikuwa Peter Hughes, na yeye aliendesha Ford ndogo ya Kiingereza, Cortina GT. Baadaye Datsun 240Z ilishinda mwaka 1971, ikashinda tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, na mwaka 1997 Colin McRae akashinda kwa Subaru Impreza. Baada ya hayo yote ni vigumu kumwambia mtu wa Nakuru kwamba gari la kweli ni lile la kwenda mbio moja kwa moja kwenye lami iliyonyooka.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo wenye upendeleo huo hulisahau. STI ya toleo hili iliyouzwa Japani, ambayo ndiyo inayoweza kufika Mombasa, ina injini ya EJ207 ya lita 2.0. Iliyouzwa Marekani ina EJ257 ya lita 2.5. Ni ndugu wa ukoo mmoja, lakini tabia zao si moja, na sifa za uvumilivu ambazo fundi wa Nairobi ataimwagia ya kwanza zisihamishiwe kwa ya pili bila kuulizwa maswali.

Nguvu na namna inavyokuja

Injini ya Mustang GT, ambayo wapenzi wake huiita Coyote, ina ujazo wa lita 5.0 na vali 32, haina turbo, na hutoa nguvu farasi 435 pamoja na nguvu ya msokoto ya nyutoni-mita 542. Ya STI ni boksa: silinda nne zimelazwa, mbili kila upande, na pistoni zake hutupwa nje na kurudi ndani kama ngumi za mabondia wawili waliotazamana. Kwa msaada wa turbo hutoa nguvu farasi 305 na msokoto wa nyutoni-mita 393. Ukisoma karatasi tu, utadhani shindano limekwisha kabla ya kuanza.

Barabarani mambo ni mengine. Zote mbili hufika maili 60 kwa saa kwa takriban sekunde 5 au pungufu kidogo, kwa sababu STI ina uzito wa kilo 1,540 hivi dhidi ya kilo 1,680 za Mustang, na kwa sababu STI hukanyaga lami kwa magurudumu yote manne wakati Mustang ingali inazungusha mawili ya nyuma ikitafuta pa kushika. Pengo la farasi 130 huonekana baada ya hapo, kwenye barabara kuu, unapotaka kulipita lori refu lililokuwa likikufungia njia tangu mji uliopita. Hapo Mustang huondoka na STI hubaki ikijitahidi.

Kwa matumizi ya kila siku, kiasi cha nguvu si muhimu kuliko namna inavyokuja. Katika Mustang, ukiwa gia ya nne na injini inazunguka mara 2,000 kwa dakika, unakanyaga mafuta na gari linakwenda hapo hapo, bila kuomba gia nyingine. Katika STI, chini ya mizunguko 3,000 hivi gari limelala. Unakanyaga, unasubiri, kisha turbo inaamka na unasukumwa kitini kwa ghafla ambayo, nakiri, haichoshi hata baada ya miaka minne. Anayependa kuifanyia kazi gari yake, akibadilisha gia kwa wakati wake na kuiweka injini mahali panapostahili, ataipenda STI kwa sababu hiyo hiyo inayomfanya mwenzake aichukie katika foleni ya saa kumi na moja jioni.

Kuhusu namba za nguvu kwa jumla, zisomwe kwa hadhari, hasa anayetazama magari ya zamani. Hadi mwaka 1971 kampuni za Marekani zilitangaza nguvu ya injini iliyopimwa ikiwa juu ya stendi, bila vichujio, bila bomba kamili la moshi, bila vifaa inavyopaswa kuviendesha. Kipimo kilipobadilika mwaka 1972, injini ya LT-1 ya Chevrolet Corvette ilishuka kutoka farasi 330 hadi 255 ingawa yenyewe ilikuwa karibu ile ile. Wajapani walifanya kinyume: tangu mwaka 1989 hadi 2004 kampuni zao zilikubaliana kutotangaza gari lenye nguvu kupita farasi 280 kwa kipimo cha nchini mwao, kwa hiyo Nissan Skyline GT-R na Toyota Supra ziliandikiwa nguvu ile ile kwa miaka, na kila aliyewahi kuzipima alicheka. Mmoja alijisifu, mwingine alijificha. Mnunuzi asimwamini yeyote kati yao bila kuendesha gari lenyewe.

Mafuta

Hapa ndipo wengi hushangaa. Watu hununua STI wakiamini kwamba injini ya lita 2.5 haiwezi kunywa kama ya lita 5.0. Vipimo rasmi vya serikali ya Marekani kwa toleo la 2015, magari yote yakiwa na giaboksi ya mkono, vinazipa zote mbili wastani ule ule wa maili 19 kwa galoni, yaani takriban kilomita 8 kwa lita. Mjini STI ina nafuu kidogo, 17 dhidi ya 15. Kwenye barabara kuu Mustang inaipita, 25 dhidi ya 23, kwa kuwa injini kubwa iliyo gia ya sita hujikokota polepole bila kazi, ilhali STI huzungusha ekseli mbili na difa tatu wakati wote. Aidha, STI inalazimu petroli ya daraja la juu. Mustang GT inakubali ya kawaida na hupungukiwa nguvu kidogo tu, jambo linaloonekana kuwa dogo hadi utakapojaza tangi mara nne kwa mwezi.

Kona, theluji na joto

Kabla ya mwaka 2015, Mustang za kawaida zilikuwa na ekseli moja nzima nyuma, kama pikapu, na gurudumu moja likipiga shimo, gurudumu jingine lilijua. Kuanzia toleo la 2015 kila gurudumu la nyuma lina saspensheni yake, na tangu hapo dhihaka ya kwamba gari la Kimarekani halijui kukata kona imepungua uzito. Mustang GT yenye kifurushi cha Performance, kilichokuja na breki kubwa zaidi za mbele na rejeta kubwa zaidi, hukata kona kwa utulivu ambao ungewashangaza waliozoea matoleo ya zamani. Breki hizo, kwa kicheko kidogo, zimetengenezwa na Brembo ya Italia, na za STI pia.

Pamoja na hayo, STI bado ni mwalimu bora wa kona. Usukani wake ni wa haidroliki, mzito kidogo, na unakuletea mkononi kila changarawe. Wa Mustang ni wa umeme, safi lakini mkimya. Injini iliyolala hufanya uzito wa gari ukae chini, na kando ya kiti kuna kidhibiti kinachomruhusu dereva kuchagua jinsi nguvu itakavyogawanywa kati ya mbele na nyuma. Barabara ya mlima yenye mvua na majani yaliyoanguka ndipo mahali pa gari hili. Katika barabara kama hiyo nimewahi kufuata Mustang yenye nguvu kuliko mimi kwa nusu saa nzima bila jasho, nikijua kwamba dereva wake jasho lilimtoka.

Kuhusu theluji, lazima niondoe dhana moja. Magurudumu manne yanayosukuma husaidia gari kuondoka, hayalisaidii kusimama. STI na Mustang GT zenye matairi ya kiangazi hazifai kabisa katika baridi, kwa sababu raba ya matairi hayo huanza kuwa ngumu joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi. Nililijua hilo kwa vitendo nikiwa na Mustang mwezi Novemba, asubuhi kavu isiyo na chembe ya theluji, joto likiwa nyuzi 2. Taa iliwaka kijani, nikaondoka kwa adabu zote, nikaingiza gia ya pili, na nyuma ya gari ikaanza kuhamia njia ya jirani kana kwamba imeitwa. Wiki hiyo hiyo nilinunua seti ya matairi ya baridi yenye rimu zake, na tangu hapo Mustang imenifikisha kazini kila siku isipokuwa mbili, ambazo STI ingenifikisha. Siku mbili kwa mwaka mtu aweza kuomba lifti. Anayeishi juu ya kilima kisichosafishwa theluji hesabu yake ni nyingine, naye achague STI bila kujiuliza sana.

Joto nalo lina upendeleo wake. Kipoza-hewa cha turbo ya STI kimekaa juu ya injini yenyewe, chini ya tundu lile la kwenye boneti. Gari likienda, hewa huingia tunduni na kukipoza. Likikwama katika foleni ya Houston mwezi Agosti, kipoza-hewa kinageuka kuwa sufuria iliyotelekwa jikoni, na nguvu hupungua hadi upate tena upepo. V8 isiyo na turbo haina habari ya mambo hayo. Kwa sababu hiyo, na kwa kuwa huko usukani ni wa kushoto na barabara ni pana, ndugu zetu walioko Muscat na Dubai wanaopendelea magari ya Kimarekani ninawaelewa vizuri.

Uzima wa injini, ambao ndio kiini cha jambo

Gari lililotumika ni maisha ya mtu mwingine unayoyanunua kwa mkupuo. Aliyekuwa akiwasha injini na kuipiga mafuta kabla haijapata joto, aliyesahau kubadilisha oili, aliyempa rafiki yake aliyejifunza kompyuta za magari kwa wiki mbili aongeze nguvu, wote hao wamo ndani ya boneti hata kama wamelipaka gari nta likang'aa. Tofauti kubwa kati ya magari haya mawili, kwa maoni yangu kubwa kuliko zote nilizotaja, ni kiasi ambacho injini inamsamehe mtu huyo wa kwanza.

Coyote husamehe mengi. Haina turbo ya kupikia oili, inatumia cheni za taimingi badala ya mkanda, na nguvu zake hutokana na ujazo na mzunguko, si shinikizo. Mtu aliyeiendesha vibaya kwa miaka mitatu atakuwa ameimaliza klachi, amechosha matairi, pengine amechosha giaboksi ya mkono ambayo malalamiko juu ya ugumu wake wakati wa baridi si ya uongo, lakini mara nyingi injini yenyewe itakuwa nzima.

EJ257 haisamehi hivyo. Udhaifu wake unajulikana na kila fundi wa Subaru: kingo nyembamba za pistoni zilizo baina ya ringi na ringi huweza kuvunjika shinikizo la turbo likizidi au mchanganyiko wa mafuta na hewa ukikosewa, na beringi za mikono ya pistoni hazipendi kabisa oili kupungua. Na oili hupungua, kwa kuwa injini hizi huila polepole; mwenye STI asiyechomoa kijiti cha oili kila anapojaza tangi mara ya pili anacheza kamari. Shinikizo la turbo huongezeka kwa kubadilisha programu tu, bila hata kufungua bolti moja, na hapo ndipo kishawishi kilipo: kwa dola mia kadhaa kijana anapata farasi arobaini zaidi, anafurahi mwaka mmoja, anarudisha programu ya kiwandani, na anaandika katika tangazo kwamba gari halijawahi kuguswa.

Nilipokuwa nikitafuta STI yangu nilikwenda kuona moja ya buluu iliyotunzwa kwa macho kuliko gari lolote nililowahi kuliona likiuzwa na mtu binafsi. Viti havikuwa na doa, na mwenyewe alikuwa mpole, akanikaribisha kahawa. Fundi niliyemlipa kuja nami alitoa plagi, kazi ambayo katika boksa inahitaji mikono miembamba na subira kwa sababu plagi zimetazama kuta za gari, kisha akapima mgandamizo wa silinda moja baada ya nyingine. Tatu zilisoma karibu sawa. Ya nne ilisoma chini kwa zaidi ya robo. Fundi hakusema kitu, aligeuza tu kipimo ili nione mwenyewe. Nilimshukuru mwenye gari kwa kahawa yake. Malipo ya fundi siku ile ndiyo fedha niliyoitumia vizuri kuliko zote katika safari hiyo.

Jambo la kuogofya lisilo na madhara pia lipo. STI ikiwashwa asubuhi yenye baridi kali hugonga, kwa sauti ya mtu anayepigilia msumari nyumba ya tatu, kwa kuwa pistoni hazijapata joto na zina nafasi ndani ya silinda. Sauti hiyo ikipotea baada ya dakika mbili tatu, ni tabia ya injini. Isipopotea, au ikizidi unapoongeza mafuta kidogo gari likiwa na joto, funga boneti uende zako. Muuzaji aliyekwisha kuwasha injini kabla hujafika, mwambie utarudi kesho, na umsihi asiiguse.

Kukaa ndani

STI ina milango minne na kiti cha nyuma cha watu wazima, kwa hiyo kiti cha mtoto hufungwa bila kuvunja kiuno. Mustang ina viti vya nyuma kwa jina tu. Begi la shule litakaa raha, mwenye begi hatakaa. Lakini buti ya Mustang, lita 382 hivi, ni kubwa kuliko ya STI yenye lita 340 hivi, jambo ambalo hakuna anayeliamini hadi alione. Milango mirefu ya Mustang ni adhabu katika maegesho ya kubanana. Bawa la STI nalo huziba kioo cha nyuma kiasi kwamba gari la polisi linaweza kukaa nyuma yako kwa muda usilione vizuri, na mwenye STI, kwa sifa aliyonayo gari hilo, ndiye hasa anayepaswa kuliona.

Sauti ni suala la moyo. V8 hunguruma kwa kina hata ikiwa imesimama. STI hii bado ina mabomba ya moshi ya urefu usiolingana, ambayo ndiyo yanayotoa mdundo ule tunaoujua tangu nyumbani. Sitamshauri mtu.

Bima na wezi

Uliza bima kabla ya kulipa hata dola moja ya gari, ukiwa na namba ya chasisi mkononi, kwa sababu kampuni mbili zinaweza kutofautiana sana kwa gari lile lile na dereva yule yule. Dereva mwenye umri chini ya miaka 25 ataumia kwa gari lolote kati ya haya. Anayefikiria kupanda hadi Dodge Charger au Challenger za Hellcat, ambazo ni upeo wa magari ya misuli ya miaka ya karibuni zikiwa na farasi 707 na zaidi, ajue kwamba taasisi ya Highway Loss Data Institute ilieleza mwaka 2023 kuwa Charger SRT Hellcat za matoleo ya 2020 hadi 2022 ziliibwa zaidi ya mara 60 kuliko wastani wa magari mengine. Gereji yenye kufuli si anasa kwa gari la namna hiyo.

Wengine walio jirani na wawili hawa

Chevrolet Camaro SS ya kuanzia 2016 ni hodari kuliko Mustang katika kona, lakini madirisha yake ni membamba kama ya boma, nami nilishindwa kuzoea. Dodge Challenger ni kubwa, ya raha na nzito, nayo ndiyo pekee katika magari ya misuli ya milango miwili inayobeba watu wanne kwa heshima. Kwa mzaha wa historia, gari hilo lenye roho ya Kimarekani liliundwa Brampton, Kanada. Zote mbili uzalishaji wake umesimama, kwa hiyo kati ya tatu hizo Mustang ndiyo iliyobaki na V8 dukani. Upande wa nje, Mitsubishi Lancer Evolution ni kali kuliko STI lakini vipuri vyake vinazidi kuwa adimu, na Nissan 370Z, yenye farasi 332 na isiyo na turbo, ni jibu zuri kwa anayetaka gari la Kijapani lenye uvumilivu wa Kimarekani, mradi asihitaji kiti cha nyuma kabisa. Anayeota Skyline GT-R, sheria ya Marekani inaruhusu kuingiza gari lisilotengenezwa kwa soko lake likishatimiza miaka 25, ndiyo maana Skyline GT-R za toleo la R34 za mwaka 1999 zilianza kuingia mwaka 2024. Bei yake lakini imetoka katika mjadala huu.

Wako pia wanaonunua wakiwa na wazo la kurudi na gari nyumbani. Gari la kununuliwa Marekani, liwe Mustang au STI, lina usukani wa kushoto, na Kenya haitalisajili kwa matumizi ya kawaida. Mustang zilianza kutengenezwa kiwandani na usukani wa kulia kwa toleo hili la 2015, kwa hiyo zipo Uingereza na Australia, lakini Kenya pia haipokei gari lililozidi miaka 8 tangu litengenezwe. Mwenye nia hiyo anunue la kutumia Marekani, aliuze huko huko.

Siku ya kulijaribu gari, Mustang ichunguzwe mwili kuliko injini. Gari lenye nguvu nyuma na dereva mgeni hukutana na ukingo wa barabara mapema sana, kwa hiyo pima kwa kidole nafasi kati ya boneti na mabawa ya mbele kama inalingana pande zote, tazama chini upande wa nyuma kama mikono ya saspensheni ina rangi moja na umri mmoja, na omba ripoti ya ajali. Kisha lipeleke barabarani likiwa na baridi, uingize gia ya pili mara kadhaa bila haraka, na usikilize kama inakataa. Kwa STI, mpe fundi saa mbili na kipimo cha mgandamizo, na mwambie akuonyeshe namba za silinda zote nne, si neno tu kwamba ziko sawa. Mkanda wa taimingi wa STI hubadilishwa kwenye maili 105,000. Ukikuta gari limekaribia hapo na muuzaji hana risiti ya kazi hiyo, gharama yake ikatwe kwenye bei kabla hujatia saini.